Siku moja kwa tembo, na barua ya msituni ndani ya mkoba

Dereva alizima injini bila kusema neno. Mbele yetu malori mawili yalikuwa yamesimama, pembeni yake taksi-moto moja iliyobeba mama mwenye kuku wawili mikononi. Hakuna aliyepiga honi. Kisha majani marefu ya upande wa kushoto yakafunguka, akatoka tembo jike mkubwa, sikio lake moja limechanika. Akapanda katikati ya lami, akasimama pale sawa polisi wa barabara. Nyuma yake wakaanza kupita wengine. Tulihesabu 23, na mpaka leo tunabishana, maana mmoja wetu anasema ni 24. Kulikuwa na watoto wawili wadogo kabisa, wanatembea chini ya matumbo ya mama zao sawa watu waliokimbilia mvua chini ya mabati. Yule mkubwa hakuondoka pale mpaka wa mwisho alipovuka. Ndipo naye akafuata, polepole. Hata kutuangalia hakutuangalia.

Mama wa komite yetu, aliyekaa kiti cha nyuma, alisema neno moja tu: "Delege."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Siye ni watu wa Butembo. Jina la mji wetu lina tembo ndani yake (wengine wanasema maana yake ni nyingine kabisa, hatuingii katika ubishi huo), lakini katika wajumbe wanne wa sendika waliokuwa ndani ya ile mutuka, mmoja tu alikuwa amekwisha kuona tembo mzima. Na yeye alimwona zamani za Zaire, walipopelekwa Rwindi na walimu wa shule. Sisi wengine tulikuwa tumeona pembe tu. Mfanya biashara anaifunika na gunia, anaifunua kidogo, anaifunika tena.

Barabara hiyo inatoka Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi, inapita Bwera na Kikorongo, halafu inashuka Katunguru kuelekea Mbarara. Inakata parki ya Queen Elizabeth ya Uganda katikati. Mabati, sabuni, saruji, pikipiki, nguo, sehemu kubwa ya mali tunayonunua Beni na Butembo inapita pale, mbele ya tembo. Dereva wa lori la kwanza alikuwa kijana wa kwetu. Tulisalimiana kwa Kinande dirishani. Akasema anasimamaka pale mara mbili, tatu kwa mwezi, na bosi wake Butembo hajakubali hata siku moja kwamba kuchelewa kwake ni juu ya tembo.

Tuseme wazi mapema, kwa sababu tunawajua wanachama wetu: franga ya kuingia parki haikutoka katika kasha la sendika. Kila mmoja alitosha yake. Sendika ilitutuma Kasese kwa kazi nyingine, kuonana na wazee waliofanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe, tujifunze kwao mambo ya vumbi la mapafu na ya malipo ya mwisho wa kazi. Kazi hiyo tuliimaliza kwa siku mbili. Ya tatu, siku ya posho, ilikuwa ya kurudi. Tukaamua kurudi polepole.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ndani ya mkoba, na ndilo linatufanya tuandike.

Wiki moja mbele ya safari tulipokea barua. Imeandikwa kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari ya mtoto wa shule. Imetoka kwa wachimbaji 60 wa dhahabu walio katika kambi moja ndani ya msitu wa Okapi, upande wa Mambasa. Wanaomba sendika ifungue komite kwao, iwape kadi, iwasemee. Wanasema kila mwenye bunduki anayepita anachukua sehemu yake ya mchanga. Wanasema shimo liliwafunika wenzao watatu, na hakuna mtu wa serikali aliyefika kuandika majina yao. Ni barua ya haki. Shida ni mahali ilipotoka. Msitu ule ni hifadhi tangu 1992, na tangu 1996 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sheria ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe na kadi, awe ndani ya koperative, na achimbe katika eneo lililotengwa. Ndani ya hifadhi hakuna eneo la namna hiyo. Tukiwapa kadi, tumesema shimo lao ni halali. Tukiwanyima, tumeacha baba za watu 60 mikononi mwa wenye bunduki.

Walioweka sahihi wamepanga majina kwa namba. Namba 17 ni mtoto wa kwanza wa yule mama wa komite yetu, mama anayetwanga mawe tangu miaka mingi na kulea watano kwa mchi.

Sasa turudi barabarani.

Mbele ya kufika Kikorongo, tukiwa tumetoka Kasese asubuhi, mzee mmoja wa Kilembe alikuwa nasi ndani ya mutuka. Alilomba tumfikishe Katwe kwa dada yake. Anasema Kiswahili cha mgodini, kile kinachoeleweka na kila mtu aliyepata kushika sururu. Kilembe ilitoa shaba kuanzia 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na shaba ilisafirishwa mpaka Jinja kuyeyushwa. Mwaka wa 1982 uchimbaji ulisimama. Watu walibaki katika nyumba za kampuni wakingoja mgodi ufunguliwe tena. Mto Nyamwamba ukaja badala yake: Mei 2013 mafuriko yalibeba nyumba, na Mei 2020 yakarudi, yakaharibu hata hospitali. Mzee alisimulia hayo bila kupandisha sauti.

Akatuonyesha upande wa parki kwa kidole. Mabaki ya mawe ya Kilembe, yenye kobalti, yalirundikwa kwa miaka mingi karibu na Kasese. Mvua ilipoyaosha, maji makali yalitelemka mpaka ndani ya parki, yakaua majani, kipande cha nchi kikabaki uchi. Baadaye, kuanzia 1999, kiwanda kilikuja kutoa kobalti katika marundo yale kwa kutumia vijidudu vinavyokula mawe. Siye tulidhani mzee anatutania, lakini ni kweli kabisa, bakteria ndio walikuwa wafanyakazi.

"Hao hawadai mshahara," alisema mzee. Halafu akaongeza: "Tembo hakuchimba shaba, lakini sumu yake alipata. Sisi nasi tulipata yetu."

Katwe ni kijiji kilicho ndani ya parki, kati ya ziwa Edward na ziwa dogo la chumvi lililokaa katika shimo la volkano ya zamani. Wazee wetu wanaijua Katwe kuliko siye. Chumvi yake ilivuka mpaka kuja milimani kwetu mbele ya kuwa na mpaka, na Banande walitembea siku nyingi kuifuata na kuiuza mbali. Wakonzo wa kule na Wanande wa huku ni ndugu. Ukisema "wasingya", mtu anaelewa kwamba umeshukuru.

Kwa mchimbaji, Katwe ni mahali pa kusimama na kuvua kofia. Wanaume wanaingia ndani ya maji ya chumvi mpaka kifuani, wanavunja mawe ya chumvi chini ya maji kwa vyuma, wanayapandisha juu ya vyelezo vya miti, wanayasukuma mpaka ukingoni. Wanawake wana vibwawa vyao vya udongo, wanangoja jua likaushe maji, wanakwangua chumvi ya kula. Ile ya mawe inakwenda kwa ng'ombe na kwa kukausha ngozi. Jua kali, harufu kali, na kila kidonda kinawaka. Jinsi wanavyojikinga sehemu za siri hatutaandika hapa, gazeti hili linasomwa na watoto, lakini mchimbaji ye yote anaweza kuwaza. Juu ya ukingo limesimama jengo la kiwanda ambacho Wajerumani walijenga karibu na mwisho wa miaka ya 1970. Chumvi ilikula mabomba kabla kiwanda hakijafanya kazi ya maana. Vyuma viko pale mpaka leo, vyekundu kwa kutu, na chini yake watu wanaendelea kwa mikono sawa wakati wa babu zao.

Tulimwuliza kijana mmoja aliyekuwa anapumzika kama tembo wanawasumbua. Akatushangaa. Tembo wanapita usiku pembeni ya kijiji, alisema, na yeye anawaogopa kuliko simba, lakini hakuna anayefikiri kuwafukuza, kwa sababu walikuwako. Anayemsumbua ni mnunuzi anayepanga bei.

Hapo tulikaa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mama wa komite alikwenda kukaa na wanawake wa vibwawa, wakalinganisha viganja vya mikono. Ilibidi tumwite mara tatu.

Saa tisa mchana tulipanda mashua Mweya. Ni njia ya maji inayoitwa Kazinga, inaunganisha ziwa George na ziwa Edward. Maji yale yanaingia Edward, ziwa letu na lao, halafu yanatoka kwa mto Semliki pale Ishango, kwetu. Kwa hiyo maji tuliyokuwa juu yake yalikuwa yanakwenda Beni kutuzidi siye kwa njia fupi.

Wazungu kwenye mashua walikuwa na mashine za picha ndefu sawa mtarimbo. Siye tulikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Viboko walikuwa wengi mno hata tukaacha kuwahesabu, nyati wamelala matopeni, na kando ya maji tembo. Tembo wa hapo hawakuwa na haraka sawa wale wa barabarani. Mmoja alikuwa anavuta majani, anayakung'uta kwenye goti mpaka udongo utoke, ndipo anakula. Mwingine alikuwa anamrushia mtoto maji, au alikuwa anajirushia mwenyewe na mtoto alikuwa njiani, hatukuelewa vizuri.

Mlinzi aliyetuongoza alikuwa msichana wa Kasese. Alipojua kwamba tunatoka Butembo aliacha Kiingereza, akatueleza kwa Kiswahili. Kundi linaongozwa na jike mzee, maana ndiye anakumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Madume wakikua wanaondoka. Mimba inachukua miezi 22. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 za majani na matawi kwa siku moja. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto tisa, aliposikia hesabu hiyo alitikisa kichwa kwa huruma.

Halafu akatuambia hesabu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tembo walikuwa maelfu katika parki hii. Ulipokuja utawala wa Amin, na vita vya kumwondoa 1979, na bunduki zikabaki mikononi mwa kila mtu, waliuawa juu ya pembe. Mwaka wa 1980 walibaki karibu 150. Wengine walivuka kuja kwetu Congo, kwenye parki ya Virunga, maana wakati huo kwetu kulikuwa na amani kidogo.

"Walijua mpaka," alisema.

Basi tulijua tunakokwenda na mazungumzo hayo. Virunga ndiyo parki ya kwanza ya Afrika, ilianzishwa 1925, na kipande kikubwa cha jina la Beni na la Lubero kiko ndani yake. Wakati wa uhuru tembo wake walikuwa maelfu. Vita vyetu vilipokuja, mambo yakageuka: walinzi wa Uganda walirudi kazini, mwaka wa 1989 mataifa yakakubaliana kufunga biashara ya pembe, na tembo wakaanza kurudi Uganda na kuzaa. Kwetu wakabaki karibu 120 tu. Kisha 2020, karibu 580 wakavuka mto Ishasha kwa mara moja, wakaingia Virunga upande wa Rutshuru. Mlinzi alituuliza kama tuliwaona. Tulimjibu kwamba njia ya Rutshuru vita vimeifunga, na kwamba ili kumwona tembo wa Congo imebidi tuombe karatasi ya Uganda. Hakujua kama anapaswa kucheka. Miaka ile ile watu wa Beni na wa Rutshuru walikuwa wanavuka upande wa pili na magodoro kichwani. Tembo wao walikuwa wanakuja kwetu, watu wetu walikuwa wanakwenda kwao, na labda walipishana usiku.

Akatuuliza pia juu ya walinzi wenzake wa Virunga. Hapo tulinyamaza kidogo. Zaidi ya 200 wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa siku moja, 12 kati yao walinzi. Januari 2021, wengine 6. Siye wachimbaji tumezoea kumwona mlinzi wa parki kuwa adui, mtu wa kuchoma kambi na kushika watu. Na tuna sababu, tusidanganyane, wako wenzetu waliopigwa na kulala jela. Lakini tulipokuwa tunamsikiliza msichana yule anahesabu zamu zake, posho yake, na nyumba anamolala, tulikuwa tunasikia lugha ya sendika.

Mwenzetu anayesoma sana alileta hapo habari ya Gangala-na-Bodio, huko Uele. Tangu mwanzo wa karne ya 20 Wabelgiji walifuga tembo, kwanza Api, baadaye Gangala-na-Bodio, wakawafundisha kuvuta magari na majembe. Kwa hiyo tembo alikuwaka mfanyakazi wa serikali katika nchi hii. Bila mshahara, bila kadi. Na pembe za ndugu zake zilibebwa na babu zetu kichwani mpaka kwenye mashua za Leopold, nao bila mshahara. Mlinzi alikuwa hajasikia habari hiyo, akaiandika katika kitabu chake.

Tulipotoka majini jua lilikuwa linashuka, na tulitaka kufika Mpondwe mbele ya giza. Hata hivyo tulisimama mara moja tena, katika kijiji kimoja kando ya parki, kwa sababu tuliona mtaro.

Mchimbaji hawezi kupita mtaro bila kuuangalia. Huo umechimbwa kwa mikono, upana mita 2, kina mita 2, unafuata mpaka wa parki kuzuia tembo wasiingie mashamba. Tulishuka ndani. Tuliona mara moja kwamba udongo ulitupwa karibu mno na ukingo, mvua inaurudisha. Mahali pamoja kuta zilikuwa zimebomoka. Mwenye shamba alitwambia si mvua pale: tembo wenyewe walisukuma udongo kwa miguu mpaka wakapata njia. Walikula mahindi yake usiku mmoja, na walichoacha walikanyaga. Sehemu nyingine wameweka mizinga ya nyuki, maana tembo anaogopa nyuki, na sehemu nyingine uzio wa umeme. Hapo kwake kuna mtaro, na kibanda juu ya miti ambamo yeye na watoto wake wanalala kwa zamu na mabati ya kupiga kelele. Mtoto aliyelinda usiku halafu anasinzia darasani.

Kwa sheria ya Uganda asilimia 20 ya pesa za mlangoni zinarudi kwa vijiji jirani, na sheria ya 2019 imeweka fidia kwa aliyeumizwa au kuharibiwa mali na wanyama. Yeye alisema vijiji vimepata darasa na barabara. Mahindi yake bado anayangoja.

Mama wa komite akamwuliza kile ambacho sote tulitaka kuuliza: "Baba, wewe unataka waishe?"

Yule mtu alikaa kimya, akafuta panga kwenye suruali. "Nataka wabaki ndani," alisema. "Wakiisha, wataifunga ile bariere. Mtoto wangu wa pili anafanya kazi pale. Analeta mshahara kila mwisho wa mwezi. Wewe wako anafanya kazi wapi?"

Mama alijibu: "Msituni."

Njia nzima mpaka Mpondwe hakusema tena.

Lazima tuseme neno juu ya msitu ule, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wana mtu wao kule. Tembo wa Okapi si hawa wa majani. Ni wa msitu, mdogo zaidi, pembe zake zimenyooka kushuka chini, na ni vigumu kumwona hata ukiwa hatua kumi. Tangu 2021 wataalamu wa dunia wanamwandika peke yake, katika daraja la mwisho mbele ya kutoweka kabisa. Katika vita vya miaka ya 1996 mpaka 2003 karibu nusu ya tembo wa hifadhi ile waliuawa. Waliowaua walikuwa na bunduki za vita, si sururu. Lakini nani aliyekuwa anakula nyama? Kambi za wachimbaji zilikuwa soko la nyama hiyo, na njia za kupeleka chakula shimoni ndizo zilizopitisha pembe kutoka. Tuliokuwa kule miaka ile tunajua ilivyokuwa kwenye sufuria. Hatukuuliza ni nyama ya nini. Tulikuwa na njaa, na muuzaji alikuwa na bunduki begani.

Hayo hatuyaandiki ili kuwahukumu wale 60. Nusu yao walikimbia mashamba yao Beni juu ya mauaji. Mtu aliyefukuzwa shambani na panga hawezi kuambiwa kwamba msitu nao si wake, bila kuonyeshwa mahali pengine. Na mahali pengine ndipo pagumu: maeneo yaliyotengwa kwa wachimbaji wa mkono ni machache, mengine yako kwenye karatasi tu, mengine udongo wake hauna kitu.

Tulivuka Lubiriha giza likiingia, tukalala Kasindi, maana usiku barabara ya Beni haitembelewi. Kila mmoja wetu ana mtu aliyebaki kwenye ile barabara. Tulikula samaki wa Kyavinyonge na bugali, na mwenye hoteli alituletea chumvi katika kisahani. Tulimwuliza inatoka wapi. Akasema: "Katwe, wapi tena?"

Usiku ule simu ya mama iliita. Mtoto wake alikuwa amepanda juu ya kilima kinachoshika reseau, kitu anachofanya mara moja kwa wiki. Mama aliweka sauti juu tusikie wote. Alimsimulia habari ya barabara, ya yule jike mwenye sikio lililochanika, jinsi alivyosimama mpaka wa mwisho alipovuka. Kijana alisikiliza. Alikuwa na kikohozi.

"Siye huku hatuwaoni," alisema. "Tunaona njia zao tu. Ni pana, safi, zinapita pazuri pa kuvuka mto. Njia ya kufika kwenye shimo letu ni yao. Ilikuwako mbele yetu."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wazee wa hapa wanasema zamani walikuwa wanapita kila mwezi. Siye tuko hapa mwaka wa pili. Mimi nilisikia mara moja, usiku, miti inavunjika mbali. Watu walitoka na tochi."

"Kuangalia?"

Kijana hakujibu hilo. Akauliza kama barua ilifika, na sendika imesema nini.

Mama alituangalia. Mwenzetu mmoja akasema kwa sauti ya chini: mwambie bado. Mama akamwambia: "Ilifika. Iko ndani ya mkoba, imeona tembo." Halafu akamwuliza kama, wakipewa mahali kwingine pa kuchimba, pa halali, hata kama dhahabu yake ni kidogo, wangehama.

Laini ilikuwa inakatika. Tulisikia anasema wengine ndiyo, wengine hapana. Tulisikia anasema "mimi, mama," halafu tukasikia upepo tu wa kilima, halafu na upepo ukakatika.

Barua tumeiweka mezani kwa katibu. Mkutano wa wanachama wote ni siku ya Mungu ijayo, baada ya misa, pale pale tunapokutanaka. Mwenye mtu wake kwenye ile kambi aje na namba yake ya simu. Na anayejua eneo lililotengwa kweli, ambalo mtu anaweza kulifikia na kulala salama, aje atuonyeshe kwenye ramani.